Betri za bodaboda za kukodi: Kisii na Nyamira wasisaini kabla ya kuuliza haya

Nilikuwa Keroka kwa mazishi, na baada ya chakula mwenyekiti wa kikundi kimoja cha bodaboda akanivuta kando. Alikuwa amesikia natoka Mombasa na kwamba kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Akafungua bahasha, akanipa karatasi kumi na moja zilizobanwa pamoja. "Bwana, wewe mtu wa bandari, hebu tusomee hizi. Tunaambiwa tuwahi kabla wenzetu wa Kisii mjini hawajawahi."

Lilikuwa pendekezo la wakala mmoja. Kikundi kichangishe fedha na kuagiza makabati matatu ya kukodisha betri za pikipiki za umeme. Makabati yatabuniwa na kuundwa Uchina, yatashuka Mombasa, yatapanda hadi Keroka kwa lori. Wanachama watakusanya pesa za kodi, na wakala "atashughulikia mambo yote ya mashine". Kuhusu faida niliona kurasa nne zenye michoro ya rangi. Kuhusu mashine ikiharibika niliona mstari mmoja.

Naandika haya kwa sababu karatasi kama hizo hazitaishia Keroka. Zitafika Voi, Kilifi na Kwale pia, kama hazijafika.

Kwanza tuelewane biashara yenyewe. Pikipiki ya umeme mara nyingi huuzwa bila betri, kwa kuwa betri ndiyo kitu ghali. Mwendeshaji huikodi. Ikiisha nguvu anafika kwenye kabati, anajitambulisha kwa simu, anasukuma betri iliyoisha ndani ya tundu lililo wazi, mashine inaisoma, inakata pesa, kisha mlango mwingine unafunguka na betri iliyojaa. Ni dakika chache tu. Vituo vyetu vingi bado vina kijana wa kusaidia, lakini kabati limeundwa ili mteja ajihudumie mwenyewe. Watu wa Mombasa wameyaona haya tangu mwanzoni mwa Septemba 2023, Rais Ruto alipokuja hapa kuzindua pikipiki za umeme za kampuni ya Spiro.

Na wala si jambo geni kwa majirani wa Gusii. Mwaka 2008, kule Mbita kando ya Ziwa Viktoria, kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilifungua kituo cha kukodisha taa na betri zilizochajiwa kwa jua. Mvuvi wa omena aliweka amana, akachukua betri jioni, akairudisha asubuhi, akaachana na karabai ya mafuta ya taa. Baadaye, mwaka 2019, wakfu wa Siemens Stiftung uliunda kampuni ya WeTu kuendeleza kazi ya namna hiyo ziwani. Kwa hiyo mtu wa Nyanza anajua kukodi betri.

Soko la Gusii nalo lipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, wamebanana kwenye vilima ambako gari dogo haliwezi kufika kila boma. Ndizi, maziwa, majani ya chai, mgonjwa na mwanafunzi wote hupanda bodaboda. Kila tarehe 14 ya mwezi mamlaka ya kawi, EPRA, inapotangaza bei za mafuta, vijana hawa husikiliza redio kama wanaosubiri hukumu. Mwaka 2023 EPRA hiyo hiyo iliidhinisha bei maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi yako chini. Ukiyaweka hayo mezani, utaelewa kwa nini mwenyekiti alitaka kuwahi.

Swali langu halikuwa kama wanunue. Lilikuwa: mkikabidhi mtu wa mbali abuni na aunde mashine yenu, mnamkabidhi nini hasa?

Kabati la betri ni vitu vinne vilivyowekwa pamoja. Kuna sanduku la chuma lenye milango. Kuna chaja na bodi za kielektroniki. Kuna programu inayoamua mlango upi ufunguke na nani akatwe ngapi. Na kuna betri zenyewe. Wakala huviuza vyote kama kitu kimoja kwa bei moja. Ukivitenganisha, kila kimoja kina jibu lake.

Sanduku linaweza kuundwa hapa. Tumeliona kwa mashine za maziwa, zile tunazoziita ATM za maziwa. Za mwanzo ziliagizwa nzima kutoka ng'ambo. Leo zipo karakana nchini zinazokata bati la chuma, zinalikunja, zinachomelea tangi na mlango, kisha zinaweka pampu na bodi zilizoagizwa. Fundi wa jua kali wa Kisii anayeunda mageti na mashine za kukatia majani ya ng'ombe hatashindwa na kabati, mradi apewe mchoro sahihi na vipimo visivyobabaisha.

Mimi nalisema hili pia kama mtu wa forodha. Sanduku la chuma lililoundwa tayari linajaza kontena kwa hewa: unalipia usafiri wa nafasi tupu kutoka Uchina hadi Kilindini, kisha unailipia tena kwenye lori kupanda hadi Gusii. Tena ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umepangwa kwa ngazi: asilimia 0 kwa mali ghafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa kiasi, 25 kwa zilizokamilika, na ngazi ya 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo kanda inataka kuzilinda. Kila kifaa kina msimbo wake na misamaha yake, kwa hiyo simuahidi mtu nafuu kabla ya kuona orodha ya mzigo. Lakini nia ya mpangilio ni kwamba anayeleta vipande akaunganisha hapa asilipe kama anayeleta kitu kizima. Katika kurasa zile kumi na moja, hesabu hii haikuwamo.

Bodi na chaja ni hadithi nyingine. Hizo hatuundi, na si aibu kuziagiza. BRCK, kile kifaa cha intaneti kilichobuniwa na vijana wa Nairobi mwaka 2013, kiliunganishwa Marekani. Ubunifu ulikuwa wetu, kazi ya kiwandani ikakabidhiwa wengine. Kampuni kubwa duniani hufanya hivyo kila siku. La msingi ni kujua aina ya bodi, nani mwingine anaiuza, na ngapi zimewekwa akiba karibu nawe.

Betri zina shida yao ya safari. Lithiamu husafirishwa kama mzigo hatari, na tangu 2016 betri za lithiamu zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Maana yake ni kwamba betri zenu zikifa Jumatatu, hakuna jamaa atakayezituma zifike Jumatano. Zitakuja kwa meli, na meli haijui kwamba mwanachama wako ana ada ya shule ya kulipa.

Programu ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Anayeishika ndiye mwenye kabati, hata kama risiti ina jina la kikundi. Yeye ndiye anayeweza kufunga milango yote kutoka mbali, kupandisha kodi usiku, au kuamua kwamba betri ya kampuni nyingine haitaingia humo. Yeye pia ndiye anayejua kila mwendeshaji alipita wapi na saa ngapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini haitamsaidia mtu ambaye hakuuliza data yake inakaa wapi.

Haya si ya kufikirika. Mwishoni mwa Januari 2026 KOKO Networks ilifunga biashara yake Kenya. Wengi wetu hapa Mombasa tulikuwa na majiko yake. Ulikuwa unaenda dukani na mtungi wako, unauingiza kwenye mashine, unalipa kwa simu, unatoka na mafuta ya ethanoli. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu kampuni ilitegemea kuuza hewa ya kaboni ng'ambo, na ilipokosa barua ya idhini kutoka kwa serikali hesabu ikakataa. Watu karibu 700 walipoteza kazi. Familia zaidi ya milioni moja zilibaki na jiko na mtungi unaojazwa na mashine ya kampuni moja tu, ambayo haipo tena. Mashine hazikuwa mbovu, zilikuwa kazi safi ya uhandisi. Ila hakuna mwenye duka aliyeweza kuiwasha yake akatafuta mafuta kwingine.

Marekani kulikuwa na Redbox, vibanda vyekundu vya kukodi filamu, vilivyosimama nje ya maduka kuanzia 2002. Ilikabidhi utengenezaji wa mashine kwa kampuni nyingine, na hilo halikuwa kosa. Lilisaidia kampuni kuenea haraka. Kilichoiangusha ni watu kuhamia filamu za intaneti, na madeni ya kampuni iliyoimiliki. Ilipofilisika katikati ya 2024 iliacha vibanda takriban 24,000 vimesimama. Wenye maduka wakabaki na masanduku mazito mlangoni, mengine yakiendelea kula stima, wasijue nani wa kuyaondoa. Jiulize kibanda kama hicho kikifa pale stendi ya Keroka kitaondolewa na nani.

Kwa upande wa pili tuna mfano mzuri wa nyumbani. M-Pesa ilipoanza 2007, mfumo wake ulijengwa Uingereza, na kwa miaka mingi mitambo iliyouendesha ilikaa Ujerumani. Hatukungoja hadi tuweze kuandika programu yote wenyewe ndipo tutume pesa. Tulianza na cha kuagiza. Mwaka 2015 mitambo ikahamishiwa Kenya, na leo kila biashara ndogo huunganisha mfumo wake na M-Pesa. Kuagiza mwanzoni hakukutuumiza, kwa sababu kulikuwa na njia ya kurudisha kitu nyumbani.

Nyamira inaujua upande mchungu wa jambo hili kuliko mtu yeyote. Chai inachunwa Kebirigo, inakaushwa kiwandani, inapakiwa kwenye magunia, inashuka hadi maghala ya Mombasa. Hapa ndipo penye mnada tangu ulipohamishwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Sehemu kubwa huondoka ikiwa chai tupu bila jina, ikachanganywe na kufungwa kwenye pakiti za watu wengine. Huko Tabaka nako, mawe ya sabuni yanachongwa kwa mikono ya Kisii kwa mitindo inayoagizwa na wanunuzi wa mbali. Mkulima na mchongaji wanajua pesa hubaki kwa nani: kwa mwenye mchanganyiko, mwenye mtindo na mwenye mteja. Sasa kabati la betri linapanda barabara ile ile ambayo chai inashukia, na mpango ni ule ule.

Nilimwandikia mwenyekiti maswali sita nyuma ya bahasha yake. Nayaweka hapa kwa faida ya kikundi kingine chochote.

Kwanza, michoro ni ya nani? Kama kikundi kinalipia ubunifu, kikundi kipewe nakala kamili ya michoro na orodha ya vipuri, na mkataba useme kinaweza kuipeleka kwa fundi yeyote.

Pili, programu ikizimwa itakuwaje? Nakala yake iwekwe kwa wakili, itolewe kampuni ikifunga au ikikaa siku kadhaa bila kujibu. Na kabati liweze kutoa betri hata mtandao ukipotea, lihifadhi hesabu, litume baadaye.

Tatu, betri ya mwingine itaingia? Taiwan, kampuni ya Gogoro ilianza 2015 na betri yake yenyewe, lakini baadaye ikakubali wengine, Yamaha wakiwemo, waunde pikipiki zinazotumia betri zile zile. Mwendeshaji akapata uhuru wa kuchagua pikipiki. Sisi tukiwa na kampuni tatu na betri za maumbo matatu, kila stendi itahitaji makabati matatu na kila kijana atafungwa na moja.

Nne, mashine imejaribiwa wapi? Kupanda kutoka mtoni hadi Manga na abiria wawili na mkungu wa ndizi kunakula betri tofauti na barabara tambarare ya mji wa Uchina. Gusii mvua ni nyingi na stima hupotea kila mara. Kwetu Pwani tatizo ni chumvi ya bahari inayokula chuma na joto linalochosha betri. Jaribio lifanyike hapa kwa miezi kadhaa, kabla ya malipo ya mwisho.

Tano, nani ataitengeneza? Vijana wawili kutoka Kisii National Polytechnic wafundishwe kulifungua na kulifunga kabati la kwanza mbele ya wanachama, na bodi za akiba ziwekwe Kisii, zisikae Nairobi.

Sita, siku ya kuachana itakuwaje? Nani ataondoa kabati, nani atarudisha amana za wanachama, na betri zilizochoka zitapelekwa wapi? Majibu haya yaandikwe sasa, maana siku ya ugomvi hakuna atakayekubali kuandika.

Wakala, nilipompigia, hakuwa mtu mbaya. Alinijibu mambo mawili ambayo siwezi kuyapuuza. Alisema mfumo ukiwa wazi betri zitaibiwa, kwa sababu leo betri iliyoibiwa haina faida kwa mwizi ikiwa inafunguka na mashine moja tu. Ni kweli. Akasema pia betri ya lithiamu ikiguswa na fundi asiyejua inaweza kuwaka moto. Hilo nalo ni kweli, na sitaki kuona banda la bodaboda likiteketea ili nishinde hoja.

Lakini kufuli ni jambo moja, na mwenye ufunguo ni jambo jingine. Betri inaweza kuendelea kukataa mashine isiyoitambua, huku uamuzi wa mashine zipi zitambuliwe ukiwa wa kikundi na kampuni pamoja. Na kufundisha mafundi wawili kwa cheti ndiyo dawa ya moto, kwa sababu betri ikileta shida na fundi aliyefundishwa yuko Nairobi, atakayeigusa ni yule asiyefundishwa.

Alisema pia kabati la kwanza kuundwa Kisii litakuwa ghali na huenda milango isikae sawa. Nakubali. Ndiyo maana sikuwashauri waunde yote. Niliwashauri waagize mawili kamili, na la tatu waagize vitu vyake vya ndani tu, sanduku liundwe mjini Kisii kwa mchoro ule ule. Likishindwa watakuwa wamepoteza gharama ya sanduku moja. Likifaulu, la nne na la kumi hayatahitaji kulipia hewa ndani ya kontena.

Serikali za kaunti zina lao. Keroka imekaa mpakani, na Kisii na Nyamira zimevutana miaka mingi kuhusu nani akusanye ushuru pale. Kabati likisimama upande mmoja wa barabara na wateja wakatoka upande wa pili, nani atatoza leseni? Mwekezaji mdogo hawezi kulipa mara mbili. Kaunti hizi zote ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa, nasi tuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Jumuiya hizi mbili zikikaa na kudai umbo moja la betri na kibali kimoja cha kituo, kampuni zitasikiliza. Zitakapokuja kusikiliza kikundi cha vijana arobaini peke yao, zitakuwa zinawafanyia hisani tu.

Mwenyekiti hakusaini. Alinipigia juzi kuniambia wakala amejibu maswali mawili kati ya sita, lile la mafunzo na lile la vipuri, na amekubali yote mawili. Kuhusu programu amesema atauliza kiwandani. Wanachama wengine wamekasirika, wanaona nimewachelewesha, na labda kikundi cha stendi nyingine kitawahi. Nimemwambia avumilie wiki mbili zaidi, na asitoe hata shilingi ya arbuni kabla jibu la kiwandani halijaja kwa maandishi.